Grei Tatu, Dokta

Kazi yangu ni kusimama pembeni na kusoma namba. Mimi ni mtaalamu wa mionzi kwenye chumba cha kuzibua mishipa ya moyo, wenyewe tunakiita kathilabu, na miaka yangu ya mwanzo namba zile nilizisoma kimoyomoyo. Daktari ana waya ndani ya moyo wa mtu. Nani angethubutu kumsemesha?

Mashine huthubutu. Kila dakika tano za mionzi zikitimia, inalia. Na kila ikilia kuna mkono unaokwenda kuinyamazisha. Mkono huo ulikuwa wangu.

Kulikuwa na mgonjwa mmoja, mtu wa mwili, mshipa wake wa kulia umeziba kabisa, pengine kwa miaka. Mshipa wa hivyo si sawa na ulioziba jana usiku. Waya unagonga ukuta, unarudishwa, unabadilishwa, unajaribiwa tena. Saa mbili, saa tatu. Muda wote huo mtambo umeinamia upande mmoja, kwa kuwa hapo ndipo mshipa unapoonekana vizuri. Mionzi huingilia mgongoni, kwa hiyo kipande kilekile cha ngozi, chenye ukubwa kama wa kiganja, ndicho kilichobeba mzigo wote. Na mwili ukiwa mnene, mtambo hujiongezea nguvu wenyewe ili upenye. Hauombi ruhusa.

Tulipomaliza, skrini ilisoma mionzi ya zaidi ya grei 7. Ngozi inaweza kuanza kuwa nyekundu kwenye grei 2, na ikifika 5 mgonjwa anatakiwa aambiwe na afuatiliwe. Mshipa ulikuwa umezibuka, tukapongezana, tukaenda kunywa chai. Hakuna aliyemwambia kitu. Mimi pia sikumwambia.

Wiki chache baadaye mgongo ulianza kumwasha. Akaenda zahanati ya mtaani kwake, akapewa dawa ya mkanda wa jeshi. Alipofika kliniki yetu, mkewe alimpandisha shati. Chini ya bega la kulia palikuwa na wekundu uliokwisha kugeuka kahawia, na kingo zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Ugonjwa hauchori mraba. Ule ulikuwa umbo la dirisha la mtambo wangu.

Tangu hapo nasoma kwa sauti. "Grei mbili, Dokta." "Grei tatu, Dokta." Mwanzoni walikereka, na mmoja aliniuliza kama nimehamia redioni. Lakini namba ikishasemwa, watu hufanya kitu. Picha 15 kwa sekunde zinashushwa hadi 7.5. Sahani ya kupokea picha inasogezwa karibu na kifua. Dirisha linabanwa. Mtambo unageuzwa kidogo ili ngozi nyingine nayo ichukue zamu. Na mguu unatoka kwenye pedali, maana wapo wanaoikanyaga huku wanazungumza na sista.

Dawa ya kuonyesha mishipa nayo ina hesabu yake. Ina iodini, na inatolewa na figo. Sindano moja ya mililita 6 au 8 huioni kuwa kitu. Tulikuwa na mzee mwenye kisukari, uchujaji wa figo zake 35. Sisi tunazidisha kwa 3, tunapata mililita 105 za dawa, na tunajitahidi tusifike huko. Sista aliandika kila bomba ubaoni. Mshipa wa kwanza ulipokwisha, wa pili bado, Dokta akauliza tumefika wapi. "Tisini na nane." Akautazama ule mshipa wa pili, akavua glavu.

Mzee hakufurahi. "Mmeniacha njiani, wanangu," alisema, na alikuwa na haki: kurudi tena ni nauli tena, na malipo tena. Tulimwekea dripu ya maji ya chumvi, kama tulivyofanya kabla ya kuanza, tukampima kreatinini siku ya pili na ya tatu. Figo huanguka kimyakimya, mara nyingi mgonjwa akiwa ameshapanda basi kwenda kwao. Wapo madaktari wanaosema dawa hii inasingiziwa, kwamba figo nyingi zilikuwa zinakufa hata bila yake. Inawezekana. Mimi naendelea kuhesabu.

Sisi wenyewe tunavaa makoti ya risasi yanayotuua viuno, na kifuani tuna kipima mionzi ambacho hupelekwa Arusha, kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, kikasomwe. Mionzi inayotupata sisi hutawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa: ukitoka mita moja ukasimama mita mbili, unabaki na robo. Daktari hawezi kurudi nyuma hivyo. Mikono yake iko pale pale.

Basi nilishangaa matokeo ya daktari mmoja anayefanya kesi ngumu kuliko wote kurudi safi kila mara, hadi nilipokiona kipima chake kimening'inia kabatini. Anaogopa kikizidi ataambiwa apumzike. Wiki iliyopita nilikichukua, nikamfuata kwenye sinki anaponawa, nikakibandika kwenye kola yake. Mikono yake ilikuwa na povu, hakuweza kukitoa.