Kidonge cha tezi, moyo wa Mama na wiki nane za kusubiri

Wasomaji wangu, leo hakuna programu mpya wala mafunzo ya kutengeneza tovuti. Leo nataka tuzungumze juu ya kidonge kimoja kidogo sana ambacho familia yetu imeishi nacho kwa mwaka mzima. Lakini wale mnaopenda hesabu msikimbie, hesabu zipo.

Mama yangu anaishi Kosele, kule Rachuonyo katika kaunti ya Homa Bay, si mbali na Oyugis. Ana miaka 71. Zamani alifanyiwa upasuaji wa rovu, na karibu tezi yote ya thairoidi ikaondolewa. Alipewa dawa, akaitumia, baadaye ikaisha na hakurudi kliniki. Mwaka jana tukaanza kumwona amebadilika. Anajifunika shuka saa sita mchana, sauti imekuwa nzito, uso umevimba, anasinzia huku anachambua maharagwe. Kipimo cha damu kikaonyesha mwili wake una upungufu mkubwa wa homoni ya thairoidi.

Hilo peke yake lina dawa, tena dawa nzuri. Inaitwa levothairoksini, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shida ni kwamba katika miaka hiyo Mama alipata pia ugonjwa wa moyo. Mishipa inayoulisha moyo wake imekuwa myembamba, na akipanda mlima kidogo kifua kinambana.

Daktari alimwandikia mikrogramu 25 kwa siku. Mimi ni mtu wa kusoma kila kitu, kwa hiyo nikasoma. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mama ana kilo 62, piga hesabu, unapata karibu 100. Sasa kwa nini apewe robo?

Waya wangu, yaani dada ya marehemu baba, hakupendezwa hata kidogo. "Nyathina, mwenye njaa humpimii ugali kwa kijiko," akaniambia. Baada ya wiki mbili Mama alikuwa bado anasinzia, na Waya akaanza kumshauri ameze viwili, halafu vitatu. Mama akanigeukia mimi: "Wewe si unakaa na kompyuta siku nzima? Hebu hesabu, nijue nasubiri nini."

Basi nikahesabu. Lakini kwanza tuelewane juu ya moyo.

Homoni ya thairoidi ni kama mguu unaokanyaga mafuta ya gari. Ikiongezeka, moyo hupiga haraka zaidi na kwa nguvu zaidi, na misuli yake hudai oksijeni nyingi zaidi. Moyo mzima hauoni taabu. Lakini moyo ambao mabomba yake yameziba kiasi hauwezi kuletewa hiyo oksijeni ya ziada. Umeuzoesha usingizi kwa miaka, kisha unauamsha na kuuambia ukimbie. Matokeo yake yanaweza kuwa maumivu ya kifua, shambulio la moyo, au mapigo yanayopoteza mpangilio. Hayo mapigo ya ovyo ni hatari hata yasipouma, kwa sababu damu inaweza kuganda ndani ya moyo, kipande kikapanda kichwani na kuleta kiharusi. Utafiti wa Framingham huko Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, ulifuatilia watu wa miaka 60 na zaidi kwa miaka 10. Wale ambao kipimo chao kilionyesha homoni imezidi walipata aina hiyo ya mapigo ya ovyo kama mara tatu ya wenzao.

Msielewe vibaya, kuacha dawa si jibu. Mwili usio na homoni hii huudhuru moyo kwa njia nyingine: mapigo huwa mazito, kolesteroli hupanda, na wakati mwingine maji hujaa kuuzunguka moyo. Kwa hiyo Mama alihitaji dawa. Swali lilikuwa mwendo gani.

Haya, sasa hesabu. Levothairoksini haiishi mwilini haraka. Huchukua kama siku 7 kupungua hadi nusu, na kwa mtu ambaye homoni imempungua sana inaweza kuchukua siku 9 au 10. Tuchukue 7 ili iwe rahisi. Maana yake ni kwamba ukianza dozi leo, huipati yote leo. Inapanda hivi:

Wiki ya 1: asilimia 50
Wiki ya 2: asilimia 75
Wiki ya 3: asilimia 87
Wiki ya 4: asilimia 94
Wiki ya 6: asilimia 98

Sasa tufuate ushauri wa Waya, tuongeze kila wiki mbili: 25, halafu 50, halafu 75, halafu 100. Niliandika mistari kumi tu ya programu. Mwisho wa wiki ya 2, mwili wa Mama uko kama mtu wa mikrogramu 19. Mwisho wa wiki ya 4, uko kwenye 42. Wiki ya 6, uko kwenye 67. Wiki ya 8, uko kwenye 92 na bado unapanda. Katika wiki hizo zote hakuna hata siku moja ambayo mwili wake ulikuwa umetulia kwenye dozi aliyokuwa anameza. Hatungejua 25 imeufanya nini moyo wake, wala 50. Na kama kifua kingembana wiki ya 8, kupunguza kidonge asubuhi hiyo kusingeiondoa dawa iliyokwisha kuingia. Ingekaa wiki kadhaa.

Kipimo nacho kinachelewa. Madaktari hupima TSH, ambayo ni amri inayotolewa na tezi ndogo chini ya ubongo kuiambia thairoidi ifanye kazi. Homoni ikiwa kidogo, amri inapanda. Homoni ikitosha, amri inashuka, lakini inashuka polepole. Ndiyo sababu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Ukipima baada ya wiki mbili unasoma habari za zamani, na habari za zamani zitakuambia uongeze.

Nikamwambia Mama: hizi wiki nane si za kungoja bure. Ndipo tunauuliza moyo wako kama umekubali, kabla hatujaongeza mzigo. Akacheka, akasema basi tuuulize kwa adabu. Waya alinuna siku mbili, kisha akawa ndiye anayemkumbusha kidonge.

Jambo la pili linawahusu sana ninyi wa kompyuta: vipimo vya namba. Tulipofika hatua ya mikrogramu 50, duka moja la dawa lilimpa Mama boksi lililoandikwa 0.1 mg. Mama akaitazama hiyo sifuri na moja, akauliza, "Mbona wamenipunguzia?" Ndugu yangu akapiga picha, akanitumia kwa WhatsApp. Miligramu 0.1 ni mikrogramu 100! Hazikuwa zimepunguzwa, zilikuwa maradufu. Zilirudishwa kabla hajameza hata kimoja. Mwaka 1999 NASA walipoteza chombo walichokituma Mars kwa sababu kundi moja lilihesabu kwa paundi na jingine kwa nyutoni. Hao ni NASA. Mzee wa kijijini aliyepewa boksi bila maelezo atafanyaje?

Jambo la tatu ni dawa nyingine. Mgonjwa wa moyo hamezi kidonge kimoja. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda ajue kwamba dozi ya thairoidi ikipanda, warfarini hupata nguvu zaidi, na damu inaweza kutoka ovyo. Kipimo chake cha damu kifanywe mara nyingi zaidi. Anayetumia digoksini anaweza kuhitaji dozi yake ibadilishwe. Na amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo, imejaa ayodini: kidonge cha miligramu 200 kina kama miligramu 75 za ayodini, wakati mwili unahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Inaweza kuizima thairoidi, na inaweza pia kuiwasha kupita kiasi. Kwa hiyo daktari wa moyo na daktari wa tezi lazima wajue kila mmoja ameandika nini. Pale kwetu daftari la Mama ndilo linalowaunganisha. Nilitaka kumtengenezea programu ya simu, akakataa. Daftari halihitaji chaji.

Mko tayari kwa matokeo? Alikaa wiki 8 kwenye 25, wiki 8 kwenye 50, kisha akapanda hadi 75. Kila mara alipimwa TSH Kisumu, na ECG ya moyo. Daktari ameamua abaki kwenye 75, hajafika ile 100 ya hesabu yangu. Kwa watu waliopita miaka 70, TSH iliyo juu kidogo inakubalika kuliko kuusukuma moyo. Sauti yake imerudi. Mlima bado unambana kifua, kama zamani, lakini si zaidi ya zamani. Hiyo ndiyo tuliyoitaka.

Kwa wenye mzazi wa aina hii nyumbani, nawaachia haya:

Kidonge kimezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Mama humeza anapoamka kukamua.
Vidonge vya madini ya chuma na kalisi vikae mbali nacho kwa saa 4.
Dozi isibadilishwe bila daktari, hata kama mgonjwa bado amechoka.
Soma boksi kila mara: mikrogramu au miligramu?
Kifua kikibana upya, moyo ukienda mbio au ukipiga ovyo, au pumzi ikikatika, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mimi si daktari, ni mtu wa kompyuta tu, kwa hiyo hesabu zangu zisichukue nafasi ya kliniki. Zimsaidie tu anayekaa na mgonjwa aelewe kwa nini daktari anakwenda pole. Kwaherini kwa leo, na wasalimieni wazee.