Vakansi kubwa: ziwa ao maporomoko?

Mwezi wa saba uko karibu, na pengine wewe pia unahesabu bei ya esansi usiku. Kwetu Lubumbashi, watoto wameomba mwaka muzima kitu kimoja: kuona maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, ambako maji inaanguka zaidi ya metre 300.

Sikiliza vizuri: vakansi na maporomoko havipatani. Mwezi wa saba na wa nane njia inakauka, motokari inapita, lakini Lofoi nayo inapunguka, inabaki kamba nyembamba ya maji kwenye jiwe. Wakati wa mvua inajaa, basi njia inakuwa matope. Kulala na watoto ndani ya motokari tukingojea watu wa kutusukuma? Hapana.

Kwa hiyo tunaenda Kasenga, halafu tunafuata Luapula mpaka ziwa Mweru, milima ya Kundelungu mukono wa kushoto. Ziwa halitungoji mvua. Tena nkambo yangu, aliyetumika Union Minière mbele ya 1967, alikula samaki ya kule: wachuuzi Wagiriki wa Kasenga waliileta kwa malori. Watoto wangu wanajua ya friji tu.

Mama yao anaogopea feza ya masomo ya mwezi wa tisa. Iko na haki. Tumefanya bahasha mbili, na ile ya masomo inabaki kwa mama yangu, asiyefunguliaka mutu.

Wewe unayefuata njia ile, beba tairi mbili za akiba, esansi ya kurudia, na mustikeri. Luapula iko na imbu mingi.