Foleni Iliyonisomesha

Daftari la malalamiko la jimu ya chuoni kwetu ni kaunta buku lenye jalada gumu, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya mlinzi. Kalamu yake iliibwa wiki ya kwanza, kwa hiyo anayelalamika huja na kalamu yake. Nimelisoma lote kwa sababu mwaka jana serikali ya wanafunzi iliniomba nilifanyie muhtasari. Walisikia nasoma uzamili wa lojistiki na tasnifu yangu inahusu foleni. Wakaona foleni ni foleni.

Malalamiko mengi yalikuwa yale yale. Mashine ya kukimbilia imekufa tangu muhula uliopita. Kuna watu wanakalia benchi dakika ishirini wanachati. Wasichana hatupati nafasi. Watu wanajipiga picha kwenye kioo na sisi tunatokea nyuma yao tumekunja sura. Mmoja aliandika kwa herufi kubwa: TUNAOMBA FENI. Chini yake mwingine akaongeza: "Aliyeiba ile ya kwanza tumemsamehe, arudishe tu."

Lalamiko langu lilikuwemo pia, ukurasa wa nne, bila jina. Nilikuwa nimeandika kwamba nimekuja siku tano nikafanya mazoezi dakika ishirini na mbili kwa jumla. Sikuandika kwa nini nilikuwa nahesabu dakika. Nilipokwenda kupima afya kwa ajili ya usajili, muuguzi alinipima presha mara mbili, akaniambia nikakae nje nipumzike, kisha akapima tena. 148 kwa 96. Nilikuwa na miaka 25. Mama ana presha, na bibi mzaa mama alipooza upande mmoja kabla sijaanza darasa la kwanza. Daktari alisema nipunguze chumvi, nirudi baada ya miezi mitatu, na nifanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, kile kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linawapendekezea watu wazima. Alilitamka kama jambo dogo. Nusu saa, siku tano. Nani anakosa nusu saa?

Mimi natoka Tunduma. Msomaji ambaye hajafika huko huenda analijua jina kwa sababu ya malori. Shaba inashuka kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, mafuta na bidhaa nyingine zinapanda, na karibu vyote vinapita kwenye lango moja baina yetu na Nakonde. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, lakini mzigo mwingi uko barabarani. Karatasi zikichelewa, malori yanasimama. Mstari unaanza getini, unapanda mjini, na siku mbaya unapita Mpemba. Madereva wanalala ndani ya vichwa vya malori, wanafua, wanapika kwa majiko ya gesi, wanazozana nani kamchomekea nani. Juni na Julai baridi inauma, na wale waliotoka Dar wakiwa na fulana tu wanajifunga mashuka.

Mama yangu aliwauzia chakula. Wali wa mchele wa Kamsamba, maharage, samaki wa Rukwa wakipatikana, chai ya rangi yenye tangawizi. Alikuwa na mabeseni mawili na kaka yangu wa kubeba chupa za chai, na baadaye mimi wa kukusanya sahani. Kukusanya sahani ni kazi ngumu kuliko unavyodhani. Foleni ikisogea ghafla, dereva anaondoka na sahani yako hadi Lubumbashi. Lakini foleni ilipokuwa haisogei, ada ililipwa. Sare ilinunuliwa. Nilipofaulu kwenda kidato cha tano, malori yalikuwa yamesimama kwa siku nyingi, na godoro nililokwenda nalo shule lilitoka moja kwa moja kwenye beseni la wali.

Oktoba 2019, marais Magufuli na Lungu walipokuja kuzindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, ili lori likaguliwe mara moja badala ya kusimama upande huu na kisha upande wa pili, mji ulipambwa na watu walishangilia. Nami nilishangilia kwa simu, nikiwa chuoni. Mama aliniuliza, "Kwa hiyo sasa hawatakuwa wanasimama?" Nikamweleza faida kwa uchumi. Akasema, "Haya, mwanangu." Foleni haikwisha, ilipungua ikarudi, ikapungua tena. Halafu ikaja Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa ajili ya Uviko-19. Vyuo vilikuwa vimefungwa, nilikuwa nyumbani. Madereva ndio walioogopwa kuliko watu wote, kana kwamba ugonjwa ulikuwa na leseni daraja E. Majirani walimwambia Mama aache kwenda barabarani. Alivaa barakoa ya kitenge akaenda. Madereva wengine walimwachia hela chini, juu ya jiwe, ili wasigusane naye, naye akaacha sahani juu ya jiwe hilo hilo.

Nilipokuja kujisomea kwamba foleni ina nadharia yake, nilicheka. Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuiandikia hesabu mwaka 1909, akitafuta laini ngapi zinatosha ili watu wasisubiri mno. Mwaka 1961 John Little akachapisha uthibitisho wa kanuni ambayo ni rahisi hadi inakera: idadi ya waliomo ndani ni sawa na idadi wanaoingia kwa saa, mara muda ambao kila mmoja anakaa. Nilikaa mlangoni mwa jimu wiki mbili nikahesabu. Kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku waliingia watu wapatao 40 kwa saa, kila mmoja akikaa saa moja na nusu. Hiyo ni 60. Chumba kiliwekewa vifaa vya watu 25.

Kuna jambo la pili ambalo nadharia inasema, na hilo ndilo lililonifanya nijione mjanja. Huduma ikikaribia kujaa kabisa, muda wa kusubiri hauongezeki taratibu, unaruka. Kwa hiyo ukipunguza watu wachache tu karibu na ukingo, unafuu unakuwa mkubwa kuliko idadi yao. Nilikuwa nimehesabu pia vitambulisho. Siku moja, kati ya wale 60, watu 11 hawakuwa wanafunzi wala wafanyakazi. Walikuwa vijana wa mtaa ulio nyuma ya uzio.

Mmoja wao tulimwita Mwalimu. Hakuwa mwalimu wa chochote, alikuwa fundi simu. Mlinzi alimruhusu kwa sababu waya za mashine zilipokatika, yeye ndiye aliyezifunga, kwa bolti alizonunua mwenyewe. Na zamu alizipanga yeye. Watu watatu kwenye chuma kimoja: mmoja ananyanyua, mmoja anamshikia, mmoja anapumzika, halafu mnazunguka. Bila mpango huo mtu mmoja anakalia benchi, ananyanyua kwa sekunde arobaini na kupumzika dakika tatu, na chuma kinapumzika naye. Mwalimu hakumjua Erlang na hakuhitaji kumjua.

Mimi alinikuta siku ya tano, nimesimama karibu na mlango mahali ambapo wasichana husimama, nikijifanya nanyoosha miguu. Tunduma, kaka yangu ana kijiwe cha vyuma uani kwa rafiki yake, makopo ya rangi yaliyojazwa zege, gia mbovu za malori zilizochomekwa kwenye bomba. Nimepeleka chai pale mara nyingi na sijawahi kugusa chuma. Hakuna aliyenikataza. Hakuna msichana aliyewahi kugusa, basi. Kwa hiyo Mwalimu aliponiambia, "Dada, wewe ni wa tatu hapa, baada ya huyu," nilitazama nyuma yangu nione anamwambia nani.

Alinifundisha kuchuchumaa na chuma mabegani. Kila siku neno lile lile: "Mgongo, dada. Mgongo." Miezi mitatu ilipopita nilirudi kwa daktari, nikasoma 134 kwa 86, na nilimpigia Mama simu kabla sijafika getini mwa zahanati.

Najua mpangilio wa mambo haya unaonekanaje, kwa hiyo nitasema wazi: ripoti niliiandika baada ya hapo, si kabla. Nilikuwa namjua. Niliandika mapendekezo matatu. Kwanza, saa za jimu zigawanywe ili watu wasimiminike jioni, na asubuhi mbili za wiki ziwe za wanawake. Pili, mashine zitengenezwe na vyuma viongezwe. Tatu, wanaoingia waonyeshe kitambulisho. Niliweka jedwali, na 11 kati ya 60 ilipendeza sana ndani ya jedwali. Nilijiambia kwamba watamwacha Mwalimu, kwa kuwa kila mtu anajua anachofanya pale. Kwenye ripoti sikuandika hata sentensi moja inayosema hivyo. Sikuwa na takwimu ya hilo.

Ofisi husika ilipokea mapendekezo yote kwa shukrani na kutekeleza lile moja lisilohitaji fedha. Tangazo lilibandikwa Ijumaa. Jumatatu mlinzi alisimama mlangoni na orodha, na Mwalimu, ambaye alifika saa kumi na moja na robo kama kawaida, akageuka bila ubishi. Mlinzi ndiye aliyekuwa anaomba radhi.

Wiki mbili za kwanza nadharia ilifanya kazi vizuri mno. Palikuwa na hewa. Niliandikiwa ujumbe wa pongezi na watu nisiowajua. Wiki ya tatu habari zikaenea hosteli kwamba jimu siku hizi ina nafasi, na wale waliokuwa wamekata tamaa wakarudi. Ni jambo linalojulikana barabarani kote duniani, ukipanua njia magari yanakuja kuijaza, na mimi nilikuwa nimefanya mtihani juu yake. Bumu lilipotoka wakaja na wenye viatu vipya. Tulirudi 60. Waya wa mashine ya kuvuta ulikatika ukakaa hivyo, umening'inia, hadi muhula ukaisha. Zamu za watatu watatu zilikufa, hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake wa mwaka wa tatu ainuke. Kwenye daftari mtu aliandika: "Yule kaka wa zamu yuko wapi?"

Nilikwenda kibandani kwake mwezi mmoja baadaye. Simu yangu ilikuwa haishiki chaji kweli, sikuisingizia, ila kuna mafundi simu watano walio karibu na hosteli yetu kuliko yeye. Alifungua simu, akasafisha kwa brashi na spiriti, akabadilisha kitu kidogo nisichokijua jina. Wakati anafunga skrubu aliniuliza, bila kuinua macho, "Bado unakunja mgongo?" Nikasema nakunja. Akasema hakuna wa kukushikia, usibebe kizito. Nilikuwa nimepanga kumwambia ripoti ni ya nani. Nilikaa pale hadi akaja mteja mwingine. Alinitoza bei kamili, shilingi elfu kumi na tano, na nililipa nikijua ni kidogo.

Msimamizi wangu aliposoma rasimu ya sura ya pili ya tasnifu aliandika pembeni: "Nani anafaidika na foleni?" Alimaanisha mawakala na rushwa ndogondogo, nadhani. Niliandika ukurasa kuhusu hao. Kisha nikaandika aya moja kuhusu mama ntilie wa Mpemba, nikaifuta, nikairudisha. Sijui inakaa wapi katika modeli. Foleni ni hasara, na hilo silipingi: dereva anayelala barabarani siku nne haoni wanawe, na mafuta, na muda, na ajali za usiku za malori yaliyosimama bila taa. Mama mwenyewe halipingi. Nilipomweleza tasnifu yangu inahusu nini alinyamaza kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya utani, "Yaani unasomea kuniondolea kazi?" Nikasema hapana, Mama. Akasema, "Ni sawa tu. Miguu yenyewe imechoka."

Desemba nilirudi nyumbani kukusanya data. Kila alfajiri kaka alinipakia kwenye pikipiki, tukapanda polepole kando ya mstari kutoka getini hadi nje ya mji, mimi nikibonyeza kidude cha kuhesabia, kila lori mara moja. Madereva walikuwa wanapiga mswaki. Mmoja alinisimamisha akaniuliza, "Dada, unahesabu nini?" Nikamwambia nawahesabu nyinyi. Akataka kujua yeye ni wa ngapi, nikamwambia wa 87, akamgeukia tingo wake akamtangazia kwa furaha, kwa sababu jana yake walidhani ni wa mia na kitu.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa ameshawasha moto, sufuria kubwa iko pembeni, mfuko wa mchele uko wazi. Hakunisalimia kwanza.

"Ngapi leo?"

"Mia moja na arobaini na mbili."

Akachota, akafikiri, akaongeza vikombe viwili.