Goma: Redio ndogo badala ya saa

Mama mmoja aliyekimbia Masisi, ambaye sasa anaishi kwa familia moja mtaani Ndosho, alipata franka elfu 20 kwa kuwafulia watu nguo. Aliziweka mwezi mzima. Mara ya kwanza alimnunulia kijana wake saa ya mkono ya bei rahisi. Wiki mbili hazikuisha, ikasimama. Muuzaji alikataa kuipokea.

Safari hii, katika soko la Birere, mama hakuharakisha. Alichagua redio ndogo yenye tochi na sola. Kabla ya kulipa aliomba iwashwe, akatafuta stesheni mwenyewe, akafungua mahali pa batri kuangalia kama kuna kutu.

Sasa jioni majirani, wengi wao wahamishwa kama yeye, hukaa uani kusikiliza habari za Kiswahili za Radio Okapi. Kila mmoja anangoja kusikia kijiji chake kikitajwa. Je, barabara ya Sake inapitika? Watu wameanza kurudi? Siku za mvua sola haitoshi, hivyo wanachangia batri.

Kijana bado anavaa ile saa. Mama amemwambia avumilie: pesa ikipatikana tena, batri kwanza.