Siku Moja Ujiji



Wengi wetu tunajua Kigoma kwa mambo mawili tu: biashara na ukimbizi. Ninyi wa Misisi na Lubichako munavuka kutafuta vitenge na sabuni. Boti ikijaa, munarudi. Mimi pia nilikuwa vile. Mwaka 1996, nikiwa kijana wa shule, nilitoka kwetu Lweba nikikimbia vita. Nilishuka Kigoma, nikaandikwa jina, nikapandishwa lori kwenda kambi ya Nyarugusu. Muji wenyewe sikuuona.

Safari hii ya juzi, boti ya kurudi Baraka ilichelewa siku moja. Wenzangu wakalala. Nikajiambia: Muchungaji, leo utembee peke yako, bila mufuko wa kununua kitu.

Nilianza kwa stesheni ya gari la moshi. Wajerumani ndio waliojenga reli, nayo ilifika pale kutoka Dar es Salaam mwaka 1914. Toka hapo Kigoma ikakua, na Ujiji ikapungua nguvu. Nikapanda basi ndogo kwenda kuona hiyo Ujiji.

Kumbe, ndugu zangu, ule ndio muji muzee! Burton na Speke, Wazungu wa kwanza kulifikia ziwa letu, walipofika mwaka 1858 walikuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kukaa. Kwa nyumba ya makumbusho, chini ya miembe, kuna sanamu za Livingstone na Stanley wakisalimiana. Walikutana hapo mwaka 1871. Lakini mara nyingi hatuambiwi kwamba Livingstone alikuwa ametoka upande wetu. Mwaka ule ule, sokoni Nyangwe kule Manyema, aliona wafanyabiashara wakipiga watu bunduki, wengi wao wanawake. Aliandika yale aliyoona. Habari hiyo ilisaidia kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Nje nilimkuta mama muzee akiuza ndagala. Wao wanaita dagaa.

“Jambo, mama.”

Akacheka. “Mwanangu, wewe si wa hapa. Hapa tungesema shikamoo. Unatoka ng’ambo?”

“Ndiyo, mama. Fizi.”

“Basi umefika kwenu. Babu ya baba yangu aliletwa hapa kutoka Manyema.”

Aliletwa. Hakusema alikuja. Nilikaa chini kando ya kapo lake. Njia ya watumwa na pembe za tembo ilivuka ziwa hili, ikapita Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Wale walivuka wamefungwa. Mimi nilivuka nikikimbia. Siku ile tu ndipo nilikuwa mugeni wa hiari, na mama yule akanikaribisha kama ndugu.

Nilirudi Lweba mikono mitupu. Mama watoto akauliza: “Umetuletea nini?” Nikamwambia habari ya yule mama. Tulikaa mpaka usiku tukiulizana nani wa ukoo wetu waliletwa kule, na majina yao hatukuyapata.

Musomaji, ukivuka tena, ujipe nusu siku. Panda basi, shuka Ujiji, salimu wazee. Usisahau: shikamoo.