Ukifika Ngazija, Usidhani Umefika Kwenu



Ni nadra kuukuta mji wa Waislamu katika pwani yetu usiokuwa na watu wenye asili ya Ngazija. Habib Swaleh bin Alwy Jamalullail, aliyeasisi Riyadha ya Lamu, alizaliwa huko. Nami nina fungu langu dogo: nyanya yangu mzaa mama alitoka kisiwani humo akiwa mtoto, akakulia Mombasa, akaozwa Mombasa na akazikwa Mombasa, asirudi tena alikozaliwa. Alipofariki nilinuia kwenda kuwaona watu wake, na nilipojaaliwa wasaa nilisafiri pamoja na binti yangu. Nayaandika haya kwa ajili ya familia zitakazoifuata njia hiyo, kwani Komoro ni nchi inayofanana nasi mno, na kufanana huko ndiko kunakompoteza mgeni.

Kwanza yale ya lazima. Muungano wa Komoro uko baharini, baina ya Msumbiji na Madagaska. Visiwa vyake ni vitatu: Ngazija, penye mji mkuu wa Moroni, Nzuani, na Mwali, kilicho kidogo kuliko vyote. Dini ya dola ni Uislamu, na watu wake, kama sisi, hufuata madhehebu ya Imam Shafi. Lugha rasmi ni Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu. Katika maofisi utakisikia sana Kifaransa. Saa ni ile ile ya kwetu, lakini magari hupita upande wa kulia wa barabara, kwa hivyo washikeni watoto mikono mnapovuka. Fedha yao ni faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungamanishwa na yuro. Yuro moja ni takriban faranga 492. Ni bora kuchukua yuro taslimu. Miezi ya Mei hadi Oktoba ni mikavu na ya baridi kidogo, na kuanzia Novemba hadi Aprili huwa joto na mvua nyingi. Malaria ipo, basi msisahau vyandarua. Masharti ya viza na chanjo hubadilika. Ulizia kabla ya kukata tiketi.

Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, na udugu huo una mitego yake. Siku ya kwanza nilimpa mtoto wa jirani tende, naye akanitazama kwa adabu akasema, "Marahaba." Nilishangaa mtoto wa miaka sita kuniitikia shikamoo ambayo sikumpa! Kumbe kwao neno hilo ni la kushukuru. Mkubwa huamkiwa kwa "Kwezi," naye huitika "Mbona." Wafunzeni watoto wenu maneno haya mawili kabla ya safari, kwani mtoto anayejua kuamkia hufunguliwa kila mlango.

Jambo la pili ni maji. Kisiwa cha Ngazija kimesimama juu ya mlima wa moto, Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, na mawe yake huyanywa maji ya mvua yote, hata hapana mto unaotiririka mwaka mzima. Vijijini watu hukinga mvua katika mabirika. Mlima ulipolipuka mwaka 2005, majivu yaliingia katika mabirika hayo na kuyaharibu maji ya watu wengi. Nasi bila ya kulijua hilo, binti yangu alioga siku ya kwanza kama tuogavyo Mombasa siku mfereji unapotoka. Wenyeji wetu hawakusema neno. Alfajiri nikamwona kijana wa nyumba akiteremka na madumu kwenda kutafuta maji, nikatahayari. Tangu hapo tulichukua udhu kwa kata moja, na ilitutosha. Sunna ya kutofanya israfu ya maji tumeisoma sote madrasani. Ngazija niliiona inavyoishi.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, ni nyumba. Tulipofika, nilimgeukia mume wa khalati yangu, mzee aliyewahi kuishi Unguja na anayekijua Kiswahili vyema, nikamwambia, "Shukran, ami, kwa kutukaribisha nyumbani kwako." Akacheka. "Mwanangu, mimi hapa ni mgeni kama wewe, ila nimekaa miaka arobaini. Mshukuru mwenye nyumba." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

Huko Ngazija mume huhamia kwa mke. Nyumba hujengwa kwa ajili ya binti, na mali ya ukoo iitwayo manyahuli hutoka kwa mama kwenda kwa mabinti, wala haiuzwi ovyo. Mila hiyo ni ya kale, na imekaa bega kwa bega na sharia ya mirathi. Wanazuoni wao wanaijua kuliko sisi, basi mgeni asikae sebuleni mwa watu akatoa fatwa. Hali ni hiyo hiyo kwa arusi kubwa, ambayo mwanamume huiwekea akiba kwa miaka mingi, na akishaifanya huhesabiwa miongoni mwa watu wazima wa mji. Ukialikwa, nenda, kula, na uwaombee dua maarusi. Akina mama watakupaka msindzano usoni, ambao ni kama liwa yetu, na utanukia langilangi, ua ambalo mafuta yake visiwa hivi huyauza ng'ambo kwa ajili ya manukato.

Jambo la nne ni la huzuni, na lataka ulimi mwepesi wa kunyamaza. Kisiwa cha nne, Maore, hakikuingia katika uhuru wa tarehe 6 Julai 1975. Kilibaki chini ya Ufaransa, na mwaka 2011 kikawa mkoa wake kamili. Tangu mwaka 1995 Mkomoro hawezi kwenda huko bila ya viza. Kutoka Nzuani ni kilomita zipatazo 70 tu, na wengi wamezama wakijaribu kuvuka usiku kwa mashua ndogo ili wafike kwa jamaa zao, kwenye kazi au hospitali. Usimuulize mtu kwa mzaha kama ana ndugu Maore. Huenda unamuuliza kuhusu maiti asiyezikwa.

Usiku wa mwisho khalati alinishika mkono akaniingiza katika chumba cha nyuma. Kilikuwa kimefagiwa, kina kitanda kimoja na kasha. "Hiki ni cha uzao wa nyanyako," alisema, na mumewe akatufasiria. "Alipochukuliwa kwenda Mombasa, mama yake alisema fungu lake lisiguswe. Nasi hatukuligusa." Nyanya aliishi miaka yote ile akidhani amesahauliwa. Nilitafuta neno la kusema nikalikosa. Binti yangu ndiye aliyemwinamia khalati, akambusu mkono na kusema, "Marahaba." Safari hii neno lilikuwa mahali pake.

Basi kabla hujakata tiketi, keti na wazee wa nyumba uandike jina la nyanya yako, la mama yake, na la kijiji chao. Ukifika Ngazija ndilo swali utakaloulizwa mwanzo. Nenda kwa adabu ya mgeni. Kama una fungu huko, wenyewe ndio watakaokuonyesha.

Wabillahi tawfiq.