Marashi ya Asumini Mchana

Msomaji, asumini hufunguka jioni na kunukia usiku. Ndiyo maana wanawake wa Lamu na Mombasa huyatia maua yake katika vikuba vya jioni. Mimi nilijipaka marashi yake asubuhi, nikashuka ufukoni Rusinga, ambako omena huanikwa juu ya nyavu. Mwanzoni yalinukia mepesi, kama ua lililochumwa sasa hivi. Jua lilipopanda yakawa mazito, yakapigana na harufu ya samaki hata nikaona kichefuchefu. Mama, aliyekuwa akiwageuza omena, akaniuliza, “Mwanangu, waikimbia harufu iliyokulipia karo?” Sikuwa na jibu. Marashi yenyewe ni mazuri. Ila mchana tone moja nyuma ya sikio latosha, wala usiyatie nguoni.